Taa za Mirija katika Nchi ya Mkonge



Mtu atokaye Dar es Salaam kwa reli ya zamani kwenda bara, akiisha kuipita Morogoro na kuiacha milima ya Uluguru nyuma yake, huingia katika uwanda wa joto, na kabla ya kufika Kilosa hukuta kituo cha Kimamba. Reli hiyo ilianza kujengwa na Wadachi katika mwaka wa 1905, ikafika Morogoro mwaka wa 1907, ikapita hapa na kuendelea mpaka Kigoma katika mwaka wa 1914. Pamoja na reli zikaja pamba na mpira, kisha mkonge ukavishinda vyote. Wakaja Wagiriki wenye mashamba, na Wahindi wenye maduka, na watu wa kazi kutoka pande zote za nchi, ambao waliitwa manamba. Habari za mkonge na za manamba zimekwisha kuelezwa na wengi. Mimi leo nataka kuwaelezeni jambo dogo zaidi, ambalo watu hulipita pasipo kuliangalia kwa kuwa li juu ya vichwa vyao, nalo ni taa.

Sisemi taa za mafuta, wala zile za kioo cha mviringo zenye uzi mwembamba ndani. Nasema zile ndefu nyeupe za mirija ya kioo, ambazo watu huziita tyubulaiti, pamoja na ndugu zake wa barabarani, yaani taa za zebaki zenye nuru ya samawati na taa za sodiamu zenye nuru ya manjano. Kwa muda upatao nusu karne zilikaa juu ya meza za makarani, katika maduka, katika zahanati na katika karakana. Sasa zinang'olewa na kutupwa. Nami nasema kwamba baadhi yake yafaa zikusanywe na kutunzwa, tena upesi, kwa sababu mataifa yamekwisha kukubaliana siku ambayo hazitatengenezwa tena. Lakini taa ya namna hii haitunzwi kama mtu atunzavyo fanusi ya babu yake. Ina mahitaji yake, na ina sumu.

Kwanza tukumbuke zilikuta nini. Mwanga wa usiku katika nyumba nyingi ulikuwa kibatari, yaani kopo lenye utambi na mafuta ya taa, na penye fedha kidogo chemli. Penye harusi au duka kubwa ilikuwapo karabai. Jina hilo la karabai lina historia yake lenyewe: nadhani limetokana na kabaidi, lile jiwe ambalo likipata maji hutoa hewa iwakayo, na taa za kwanza za namna hiyo ziliwashwa kwa kabaidi. Baadaye ilikuja taa ya mafuta ya taa yenye pampu na soksi, ikarithi jina pasipo kurithi kabaidi. Ndivyo vyombo vya nuru vilivyo katika lugha yetu. Chombo huondoka, na jina hubaki likimvizia mgeni.

Umeme ulitangulia Unguja. Seyyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib katika mwaka wa 1883, na nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza Unguja kuwashwa taa za umeme. Bara, umeme wa kwanza wa watu wote uliletwa Dar es Salaam na Wadachi katika mwaka wa 1908. Lakini hilo neno "watu wote" lisitudanganye, maana ulihudumia karakana za reli na ile sehemu ya mji waliyokaa wao wenyewe. Baada ya vita, katika mwaka wa 1920, idara ya serikali ya Waingereza ikaichukua mitambo hiyo, na katika mwaka wa 1931 ikaikabidhi kwa makampuni mawili. Moja lilikuwa DARESCO, lililohudumia Dar es Salaam na miji ya reli ya kati kama Dodoma, Tabora na Kigoma. La pili lilikuwa TANESCO, lililofanya kazi upande wa Tanga, ambako katika mwaka wa 1936 maporomoko ya mto Pangani yalianza kutoa umeme. Mnunuzi wake mkubwa alikuwa nani? Mkonge. Mashine za mashamba ya Tanga ndizo zilizokula umeme wa Pangani.

Mashamba ya Kimamba na Kilosa hayakuwa karibu na Pangani. Shamba lililokuwa mbali na waya za kampuni lilijitegemea kwa injini yake, na injini hiyo kazi yake ya kwanza haikuwa taa. Ilikuwa kuzungusha korona, ile mashine kubwa ipondayo majani ya mkonge na kuyakwangua mpaka zibaki nyuzi. Taa zilipata yaliyobaki. Neno hili tulishike, maana litatusaidia mbele.

Sasa niwaeleze taa ya mrija huwakaje. Taa ya uzi ni rahisi: umeme hupita katika uzi mwembamba, uzi hupata moto mpaka hung'aa, kama chuma katika kiwanda cha mhunzi. Sehemu kubwa ya nguvu hupotea kuwa joto tu. Taa ya mrija haina chuma kinachong'aa hivyo. Ndani yake mna hewa chache sana, iitwayo arigoni, na tone dogo la zebaki. Umeme hupita katika hewa hiyo yenyewe, kama radi ipitavyo mawinguni. Na radi kwa kweli ni taa ya namna hii isiyo na kioo. Mvuke wa zebaki ukipigwa na umeme hutoa miali ambayo macho hayaioni. Miali hiyo hupiga unga mweupe uliopakwa upande wa ndani wa kioo, na unga ndio unaotoa nuru tuionayo. Kwa nguvu ile ile, mrija hutoa nuru mara nne au zaidi kuliko taa ya uzi.

Fikira hii ni ya zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Heinrich Geissler, fundi wa vioo wa mji wa Bonn, alitengeneza mirija ya kung'aa katika mwaka wa 1857, ikawa kitu cha kustaajabiwa katika vyumba vya wataalamu. Miaka miwili baadaye Mfaransa Edmond Becquerel akatia ndani ya mirija vitu ving'aavyo vikipigwa na miali. Mmarekani Peter Cooper Hewitt, katika mwaka wa 1901, akapata hati ya taa ya mvuke wa zebaki; ilikuwa na nuru nyingi, lakini ya samawati na kijani, na nyuso za watu chini yake zilionekana kama za maiti. Mfaransa Georges Claude akaonyesha mirija ya neoni mjini Paris katika mwaka wa 1910. Katika mwaka wa 1926 Edmund Germer na wenzake wawili wa Berlin wakaandikisha hati ya mrija wa zebaki wenye unga wa kung'aa, lakini ni kampuni ya General Electric ya Marekani iliyouweka sokoni katika mwaka wa 1938. Kisha vita vikaanza, na viwanda vya Uingereza vilivyofanya kazi usiku kucha huku madirisha yamezibwa kwa hofu ya ndege vikaipokea mirija hii kwa shukrani. Ndipo baada ya vita ikasambaa duniani, ikatufikia na sisi.

Wapo watakaouliza, kama ndivyo, kwa nini taa hii ina vyombo vingi hivyo? Mbona taa ya uzi haina choki wala stata?

Hapo ndipo penye kiini cha habari yangu, na watu wa Kilosa wataielewa kuliko wengine. Mnaujua mto Mkondoa. Mnajua kwamba maji yakipata ufa mdogo katika tuta, ufa haubaki mdogo. Maji yanayopita huula, ukipanuka hupitisha maji mengi zaidi, nayo huupanua zaidi, mpaka tuta zima limekwenda. Ndivyo ilivyokuwa katika mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, ambapo maelfu ya watu walipoteza makao na reli ikakatika. Umeme ndani ya mrija hufanya vivyo hivyo. Hewa ikiisha kufunguka, kila umeme unaopita huifungua zaidi, na pasipo kizuizi mrija ungejiteketeza mara moja. Choki ndiyo kizuizi. Ni waya mrefu mwembamba uliozungushwa juu ya chuma, mzito kama jiwe la kusagia dogo, nao huuzuia umeme usipite kipimo. Ile sauti ya kuguna ambayo kila karani wa zamani anaikumbuka, ilikuwa sauti ya vibamba vya chuma ndani ya choki vikitetemeka.

Na stata? Hicho ni kikopo kidogo kama kidole gumba. Ndani yake mna kitaa kidogo chenye vipande viwili vya chuma, kimoja hupinda kikipata joto. Taa inapowashwa, vipande hugusana, umeme hupita katika nyuzi za ncha mbili za mrija na kuzipasha moto. Kisha vipande hupoa na kuachana ghafula, na kule kuachana ghafula huifanya choki itoe pigo kali la umeme ambalo huifungua hewa ya mrija. Zile pepesapepesa mbili tatu kabla taa haijatulia ni stata ikijaribu bahati yake.

Basi taa hii ni jamaa ya vyombo, na aliyetunza mrija peke yake ametunza sufuria pasipo mafiga. Lakini kuna zaidi. Vyombo hivyo, kwa mwenye kujua kusoma, husimulia habari za nyumba vilipofungwa. Nitatoa mifano miwili.

Mfano wa kwanza. Zamani mitambo mingine midogo ilitoa umeme wa kwenda upande mmoja tu, usiogeuka. Choki peke yake haiwezi kuuzuia umeme wa namna hiyo ipasavyo. Ilibidi kutia kizuizi kingine, na mara nyingi kizuizi hicho kilikuwa taa ya uzi iliyofungwa kwa mfululizo na mrija. Tena umeme wa upande mmoja huisukuma zebaki polepole kwenda ncha moja, na ncha ya pili hufifia; kwa hiyo ilitiwa swichi ya kugeuza pande, au mtu alipanda ngazi kila baada ya muda akaugeuza mrija. Basi ukikuta katika jengo la zamani kiunzi cha taa ya mrija kilichofungwa pamoja na taa ya uzi na swichi ya ajabu, usidhani fundi alikuwa mlevi. Umekuta ushahidi wa mtambo uliokuwa hapo kabla waya za gridi hazijafika, hata kama mtambo wenyewe ulikwisha kuuzwa kwa kilo.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, maana unahusu mikono ya watu. Umeme wetu wa leo hugeuka mara 50 kwa kila sekunde, na kila mgeuko una nguvu mbili, ya kwenda na ya kurudi. Hivyo mrija wenye choki huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Macho hayalioni jambo hilo. Lakini mashine izungukayo hulionyesha. Tuchukue ngoma yenye mapanga 12 ukingoni, izungukayo mara 500 kwa dakika. Kwa dakika moja mapanga 6,000 yatapita mbele ya macho yako, yaani 100 kwa sekunde. Kila mwanga unapowaka hukuta panga pale pale panga lililotangulia lilipokuwa. Nawe utaona nini? Utaona ngoma imesimama. Unga wa ndani ya mrija huchelewa kidogo kuzimika, kwa hiyo udanganyifu si kamili, na ngurumo ya mashine humwonya mwenye masikio. Lakini katika kibanda ambamo mashine tano zinanguruma, masikio hayawezi kuchagua. Na mtu aliyechoka huyaamini macho.

Mafundi wa taa waliijua hatari hii mapema, wakaitafutia dawa. Walifunga mirija miwili ubavu kwa ubavu katika kiunzi kimoja, na mmoja wao wakautilia kapasita, yaani kikopo kinachoushika umeme na kuuachilia, ili mwako wake usilingane na wa jirani yake. Mmoja ufifiapo, mwingine huwaka. Au waligawa taa za kibanda juu ya waya tatu za umeme ambazo hazigeuki pamoja, au waliacha taa moja ya uzi ikining'inia karibu na mashine. Kwa hiyo kiunzi cha mirija miwili kutoka kiwanda cha mkonge, kikiwa na kapasita yake mahali pake, ni hati: chaonyesha kwamba aliyekipanga aliufikiri mkono wa yule aliyesimama mbele ya ngoma. Na kiunzi cha mrija mmoja, pekee yake juu ya mashine, ni hati pia.

Mkonge uliletwa na Richard Hindorf katika mwaka wa 1893, na miche iliyofika hai Pangani ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo, kufika mwaka wa 1964, Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Baada ya hapo nyuzi zitengenezwazo kwa mafuta ya petroli ziliua bei. Katika mwaka wa 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ikachukua mashamba mengi, lakini bei haikurudi, na mashamba mengi yakaanza kurudi kuwa pori. Wakati huo huo umeme ulikuwa ukikua upande mwingine: katika mwaka wa 1975 mtambo wa Kidatu, juu ya mto Ruaha Mkuu, kusini mwa nchi ya Kilosa, ulianza kazi, na injini za mashamba zikapoteza sababu ya kuwapo.

Hapo ndipo taa zilipoanza kuangamia, na maadui zake walikuwa watatu. Adui wa kwanza ni shaba. Ndani ya choki mna waya wa shaba, na mnunuzi wa vyuma chakavu hulipa kwa kilo. Choki iliyoguna miaka 30 juu ya meza ya karani huvunjwa kwa nyundo kwa ajili ya gramu mia chache. Adui wa pili ni mkono mwema. Fundi hupewa kazi ya kutia mirija mipya ya LED katika kiunzi cha zamani. Hukata nyaya, huipita choki, hutupa stata, na kiunzi hubaki ngozi ya nyoka. Wala simlaumu, maana LED hula umeme kidogo na haina zebaki.

Adui wa tatu ni sheria, na huyu ana haki kuliko wote. Katika mwaka wa 1956, huko Minamata, nchini Japani, ulitambuliwa ugonjwa wa watu waliokula samaki wa ghuba iliyomwagiwa maji ya kiwanda yenye zebaki. Mishipa ya fahamu iliharibika, na watoto walizaliwa na kasoro. Kiwanda kile hakikuwa cha taa, lakini zebaki ni ile ile. Mapatano ya mataifa juu ya zebaki yalipewa jina la mji huo. Yalikubaliwa mwaka wa 2013, yakaanza kutumika mwaka wa 2017, na Tanzania ikaingia mwaka wa 2020. Nchi za Afrika zenyewe ndizo zilizotangulia kudai kwamba taa za zebaki zikomeshwe, maana ziliona kuwa Afrika ingegeuzwa jalala la taa ambazo Ulaya haizitaki tena. Katika mwaka wa 2022 ikakubaliwa kwamba zile fupi zilizokunjwa zenye choki ndani yake zikome mwaka wa 2025. Na katika mwaka wa 2023, mjini Geneva, ikakubaliwa kwamba mirija yenye unga wa namna ya zamani isitengenezwe wala kuuzwa baina ya nchi na nchi baada ya mwaka wa 2026, na ile ya unga mpya baada ya mwaka wa 2027.

Naona ni haki. Nami nina sababu yangu mwenyewe ya kusema hivyo. Tulipokuwa watoto, nyuma ya duka moja kulikuwa na rundo la mirija iliyokufa, na mchezo wetu ulikuwa kuirusha kama mikuki ukutani, kwa kuwa mrija mzima ukivunjika hulia kama bunduki. Mchana mmoja tulivunja zaidi ya kumi. Tulirudi nyumbani tukiwa weupe kwa unga hata nywele, tukacheka sana. Hakuna aliyetuambia neno, wala sidhani kama yupo aliyejua. Mrija mmoja wa zamani wa futi nne ulikuwa na zebaki miligramu 20 au zaidi, wakati ambapo mrija wa miaka ya karibuni una chini ya tano.

Basi anayetaka kukusanya na akusanye kwa akili. Mrija mzima hauna madhara. Usiuvunje, uhifadhi katika kasha refu la kadi, umelala. Ukivunjika chumbani, watu na watoke, madirisha yafunguliwe, wangoje robo saa. Usifagie kwa ufagio, maana ufagio huirusha zebaki. Kusanya vipande kwa kadi ngumu na unga kwa utepe wa kunata, tia katika chupa yenye kifuniko. Mirija iliyotengenezwa kabla ya mwaka wa 1949 huenda ikawa na madini ya berili katika unga wake, ambayo huharibu mapafu na kulifanya jeraha la kioo lisipone upesi. Hiyo usiiguse pasipo glavu. Na kapasita za kabla ya miaka ya 1980, baadhi yake zimejazwa mafuta ya sumu yaitwayo PCB, ambayo mapatano ya Stockholm ya mwaka wa 2001 yameyaharimu. Kapasita inayotoka jasho la mafuta isiwashwe kamwe. Iache mahali pake kama ni kavu, ikate nyaya zake kama hutaki kuiamini, lakini andika kwamba ilikuwapo.

Kuwasha taa ya zamani kuna adabu yake. Kwanza tazama ncha za mrija. Zikiwa nyeusi, ile dawa iliyopakwa juu ya nyuzi imekwisha kuruka na kuganda juu ya kioo, na mrija unakaribia mwisho wake. Uwashe kwa nadra, siku za kuonyesha watu. Mrija ukipepesa bila kutulia, toa stata mara moja, kwa maana kila pepesa humeza dawa iliyobaki na choki hupata moto. Watu wengi hutupa mrija kwa kosa la stata, na stata ni kitu cha bei ndogo sana. Tena umeme ukipungua nguvu saa za jioni, kama ijulikanavyo sana katika miji yetu midogo, mrija mzima kabisa hukataa kuwaka. Ngoja usiku uende, jaribu tena. Unapofuta vumbi, tumia brashi laini iliyo kavu, na usiguse maandishi ya mwisho wa kioo. Hapo huandikwa jina la mtengenezaji, nguvu, na namba ya rangi: 33 ni nyeupe ya ofisini, 54 ni ya mchana yenye ubaridi, 29 ni ya vuguvugu. Maandishi hayo yakifutika mrija umekuwa bubu.

Taa za barabarani ni kazi ya mtu mwingine, mwenye nafasi na ngazi ndefu. Neno moja tu juu ya ile ya sodiamu ya manjano tupu, iliyowekwa kwa mara ya kwanza katika barabara ya Uholanzi mwaka wa 1932: chini yake hakuna rangi hata moja ila hiyo yake. Kanga nyekundu huonekana nyeusi. Ukipata moja inayowaka, mwite jirani alete kanga.

Je, ziwekwe wapi? Makumbusho ya Taifa yalifunguliwa Dar es Salaam katika mwaka wa 1940, nayo hayawezi kubeba kila kitu cha kila wilaya. Unguja ilikuwa na makumbusho katika ile ile Beit al-Ajaib, nyumba ya taa za kwanza. Na siku ya tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka, ikaua watu. Mimi nadhani darasa la shule au chumba kimoja cha chuo cha ufundi kingetosha kwa kuanza, mahali ambapo yupo mtu wa kufunga kiunzi ubaoni na kueleza kila chombo kazi yake. Mafundi walioifunga mirija hiyo kwa mikono yao bado wapo, lakini si vijana. Waulizeni kwanza wao kabla ya kuuliza vitabu. Wao ndio wanaojua ni jengo gani lilikuwa na umeme wa upande mmoja, na ni choki zipi zilizoungua upesi kwa joto la Februari.

Tangu mwaka wa 2024 gari la moshi la umeme hupita katika wilaya ya Kilosa likienda Dodoma, na ndani yake taa hazigunii mtu. Anayeshuka akafika Kimamba na kukuta kiunzi cha zamani kikining'inia katika jengo lililoachwa, na aombe ruhusa kwa mwenyewe, azime umeme, na kabla ya kulegeza skurubu ya kwanza achore kwa penseli jinsi nyaya zilivyopita. Kisha afunge kwa uzi, kwenye choki, kijikaratasi chenye maneno manne: jengo gani, chumba gani, juu ya kazi gani, na nani alikuwa akiiwasha. Uzi wa mkonge utafaa.